Mkulima wa Umatengo Aliyekwenda Kampala kwa Miguu

Baba yangu hakuwahi kuvitaja vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, kwa tarehe. Vilianza, alisema, watu wakisubiri mvua za kupandia mahindi. Mapigano ya Lukaya, huko Uganda, yalikuwa wakati wa kufyekea ngoro, yale mashimo na matuta tunayolimia mlimani. Kampala ilianguka maharage ya Machi yakiwa yamekwisha chipua. Utotoni nilidhani ni mazoea tu ya watu wa kijijini. Nilipokuja kulinganisha maneno yake na yaliyoandikwa nikakuta hesabu zimekaa sawasawa: mwishoni mwa Oktoba 1978, Machi 1979, Aprili 1979. Alikuwa Uganda, bunduki begani, lakini kila asubuhi alijua mama yake yuko kwenye mteremko upi na anashika kazi gani.

Vita hivyo vimesimuliwa sana kwa majina ya makamanda. Tunamjua Meja Jenerali David Musuguri, tunamjua John Walden aliyeitwa Black Mamba, na Silas Mayunga aliyeitwa Mti Mkavu. Wanastahili kukumbukwa. Lakini jeshi lililovuka mpaka lilikuwa limeongezewa mgambo wapatao 40,000, na wengi wao walikuwa watu wa jembe, waliotolewa shambani wakarudishwa shambani. Baba alikuwa mmoja wao. Ninapomwandika namwandika kama mkulima kwanza, kwa sababu hayo ndiyo macho aliyovitazamia vita vile, na naamini ndiyo yaliyomrudisha akiwa mtu yule yule aliyeondoka.

Alizaliwa Umatengo, kwenye milima ya Mbinga, miaka michache kabla ya Uhuru. Asiyeifahamu nchi ile aelewe kwamba huko tambarare ni ya kutafuta. Nyumba iko mgongoni mwa mlima, shamba linaning'inia ubavuni, mto uko chini kabisa, na Juni na Julai ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Kila ukoo una ntambo wake, yaani ubavu wa mlima ulio kati ya vijito viwili, na humo ndimo kulimwa, kuoa, kugombana na kuzikana.

Wazee waliliambia kundi la baba, wangali wadogo, kwamba Wamatengo walikimbilia miinuko ile karne ya kumi na tisa kwa kuwakwepa Wangoni, na kwamba ngoro zilitokana na dhiki hiyo. Watu wengi wakibanana kwenye mteremko mkali hawana njia ila kuitunza ardhi, la sivyo mvua moja inaishusha yote mtoni. Kwa hiyo, mvua za mwaka zikielekea ukingoni, wanaume wanafyeka majani kwa nyengo na kuyaacha yanyauke. Kisha yanapangwa chini kwa mistari inayokatana, mpaka mlima mzima uwe na miraba miraba. Ndipo wanawake wanaingia na majembe, wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia majani yale. Katikati linabaki shimo, kandokando panabaki tuta lenye mboji ndani yake. Maharage yanapandwa juu ya tuta. Mvua ikija, maji yanatuama shimoni na kunywewa polepole badala ya kukimbia na udongo. Yakivunwa maharage, ardhi inapumzika kidogo, halafu mahindi yanapandwa mwishoni mwa mwaka juu ya matuta yale yale. Nimesimama juu ya mlima uliochimbwa ngoro upya, jua likiwa limelala, na sijaona kazi ya mikono iliyonifurahisha kuliko ile.

Kazi ya baba utotoni ilikuwa kupanga majani nyuma ya babu. Mstari ukienda upogo babu aliupangua kwa mguu, bila neno, na mtoto akaanza upya. Baadaye akapewa dungu. Mahindi yakianza kubeba, nyani wanakuja mchana na nguruwe pori wanakuja usiku, na mtoto wa kiume wa miaka kumi alipandishwa juu ya dungu na kopo la kugonga. Baba alizoea huko kutambua kishindo cha mnyama kutoka sauti ya upepo, na kukaa macho peke yake gizani. Aliniambia kuwa lindo la jeshini halikumpa shida hata siku moja.

Halafu palikuwa na kahawa, kila familia na shamba lake karibu na nyumba. Kahawa ndiyo ilikuwa ada, chumvi, shuka na mabati. Babu aliuza kupitia ushirika wa Wangoni na Wamatengo mpaka serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na baada ya hapo mazao yakanunuliwa na mamlaka za serikali. Nyumba ya babu iliezekwa mabati mwaka 1977. Baridi kali ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikapanda juu sana, na hata sisi wa mwisho wa barabara tukaonja. Baba aliisimulia paa ile kwa furaha kuliko alivyosimulia kitu chochote cha jeshini.

Na palikuwa na sengu. Jioni wanaume wa ukoo, wakubwa kwa watoto wa kiume, walikusanyika pamoja, na kila nyumba ikaleta chakula chake. Ugali wa nyumba hii, maharage ya nyumba ile, mnakula wote. Humo mtoto alifundishwa, alikaripiwa, alisikia kesi za mipaka na za ng'ombe walioingia shamba la mtu. Mjane aliyekuwa na chungu kitupu hakuaibika, kwa kuwa watoto wake walishiba kwenye sengu. Wakati wa baba desturi ile ilikuwa tayari imeanza kulegea. Yeye aliishika mpaka uzeeni. Hakuna mgeni aliyefika kwetu saa ya chakula akaachwa sebuleni.

Kutoka mlimani kwake vita havikuwa jambo geni kabisa. Ng'ambo ya Ruvuma Wareno walipigana na wapigania uhuru wa FRELIMO mpaka Msumbiji ikapata uhuru 1975, na wakimbizi walivuka kuja mkoani kwetu. Lakini mpaka wa Uganda ulikuwa upande wa pili wa nchi. Mtu wa Mbinga kwenda Bukoba, kwa hesabu za enzi zile, ilikuwa kama kwenda nchi nyingine.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Walikalia eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, na Amin akatangaza kuwa ni la Uganda. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa Novemba 2. Kila Mtanzania wa umri wa baba aliweza kuyarudia maneno yale matatu: uwezo, sababu na nia ya kumpiga. Kijijini kwao waliyasikia kwenye redio moja iliyowekwa dirishani, watu wamejaa uani. Baba alikuwa amemaliza darasa la saba miaka mingi nyuma na alikuwa kwenye mgambo ya kijiji, ile ya kwata siku moja kwa wiki. Orodha ilipokuja jina lake lilikuwamo.

Babu hakupinga. Alimwuliza swali moja tu: mbegu za shamba la chini umeziweka wapi? Baba akamwonyesha. Kesho yake akaondoka.

Safari ilikuwa ya malori mpaka Makambako, kwenye barabara ambayo wakati ule ilikuwa haijapata lami, kisha reli ya TAZARA, kisha reli ya kati hadi Mwanza, na meli kuvuka ziwa. Katikati yake walipita kambini kupewa mafunzo ya haraka. Walianza kwa magongo, ndipo wakapewa bunduki za SAR. Vijana wa Mbinga walijipanga wakakaa pamoja, na walifanya jambo ambalo mkufunzi wao alilistaajabia: kila mtu alimimina chakula chake kwenye karai moja, wakala wote. Hawakuhitaji kuelezana. Wote walikulia kwenye sengu.

Alipofika Kagera adui alikuwa amekwisha kurudi nyuma. Alichokikuta ndicho kilichomkaa moyoni maisha yake yote, na nikiri kwamba nilitarajia aniambie habari za maiti. Maiti walikuwepo, takriban raia 1,500 waliuawa katika eneo lile, na aliona makaburi ya haraka haraka kandokando ya njia. Hayo aliyataja kwa sentensi fupi na kunyamaza. Alichozungumza kwa kirefu ni vibanja. Wahaya wanaishi ndani ya migomba yao, kahawa imechanganywa na ndizi, maharage chini, nyumba katikati, vizazi na vizazi kwenye udongo ule ule uliolishwa samadi. Mtu wa ngoro akiona kibanja anajua papo hapo kwamba hapa pana watu walioitunza ardhi kwa akili. Na vile vibanja vilikuwa kimya. Mikungu imeivia juu ya migomba na kuoza, matunda ya kahawa yamekaukia kwenye matawi, magugu yameingia hata kwenye milango. Ng'ombe wameswagwa wote kupelekwa Uganda, na waliobaki walichinjwa njiani wakaliwa robo, sehemu iliyobaki ikatupwa.

“Samadi yote ile,” alisema, “na hakuna hata ng'ombe mmoja.”

Alisimama kwenye kibanja kimoja akachuma jani la mbuni kulitazama, kwa sababu lilikuwa kubwa kuliko la kwao. Kahawa ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta, yetu ni arabika. Sajenti alimkemea kwa kusimama. Ninaamini kwamba hapo, kwenye kibanja kile, ndipo alipojua anapigania nini. Alilisikiliza tamko la redio kwa heshima, lakini kilichompandisha hasira ni shamba la mtu mwingine lililoachwa kuoza.

Januari 1979 walivuka Mutukula. Februari ikaanguka Masaka, na Mbarara nayo. Mvua zilikuwa zinaanza. Walitembea. Nasisitiza hili kwa vijana wanaodhani jeshi ni magari: magari yalibeba risasi, chakula na majeruhi, askari wa miguu walitembea. Kutoka Masaka hadi Kampala peke yake ni zaidi ya kilomita 120. Baba alisema matope ya huko yalimchosha kuliko milima, kwa kuwa mlimani mguu unapata pa kushika.

Lukaya alinisimulia mara moja tu.

Barabara ya Masaka kwenda Kampala pale Lukaya inapita kwenye kinamasi cha mafunjo, maji na matete huku na huku. Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo wapya, ndiyo iliyopelekwa kupitia barabara hiyo, na baba alikuwa humo. Usiku wa Machi 10, Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin walifyatua makombora ya Katyusha. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao na kuangukia nyuma. Lakini mlio ule, kwa mtu ambaye miezi minne nyuma alikuwa anachagua mbegu, hauna maelezo. Safu ikavunjika. Watu wakatawanyika ndani ya matete gizani, baba akiwamo. Hakulipamba. Alisema, “Tulikimbia.” Alikaa kwenye maji mpaka kiunoni, akisikiliza, na hakujua anayepita karibu ni wa kwao au wa adui.

Baada ya hapo Brigedi ya 208, iliyokuwa imetangulia mbali kwa njia ya pembeni, ikageuzwa kurudi usiku kucha. Alfajiri ya Machi 11 ikampiga adui kutoka upande wa Kampala, na 201 iliyojikusanya upya ikampiga kutoka mbele. Walibya wapatao 200 walikufa pale, na idadi kama hiyo ya askari wa Amin. Vitabu vinaihesabu kuwa miongoni mwa mapigano makubwa kuliko yote ya vita vile. Nimesoma mahali palipoandikwa juu ya mgambo waliokimbia, kwa maneno machache yenye dharau, na nilikasirika. Waliokimbia usiku ndio waliorudi alfajiri kwenye barabara ile ile. Kurudi, kwa mtu aliyekwisha kujua kinachomngoja, ni kazi nzito kuliko kwenda mara ya kwanza.

Kampala aliingia baada ya mji kutekwa, Aprili. Wananchi walijaa barabarani wakiwaita wakombozi, kina mama wakiwapa matoke ndani ya majani ya mgomba. Alikutana huko na askari wa Msumbiji, maana nchi ile nayo ilileta kikosi, wakazungumza habari za Mto Ruvuma kama majirani waliokutana mnadani. Vita vikaisha Juni, majeshi yetu yalipofika mpaka wa Sudan. Yeye alibakizwa kulinda barabara na maghala, akarudi nyumbani mwaka uliofuata.

Alirudi na blanketi, kopo la bati la kulia, na miche miwili ya migomba iliyofungwa kwenye gunia, aliyopewa Kagera na bibi mmoja ambaye baba alimsaidia kusafisha kibanja chake askari walipokuwa wakisubiri usafiri. Mmoja ulikufa kwa baridi. Mwingine ulishika karibu na kisima, na vitoto vyake vipo hadi leo.

Kisha wakulima walivilipia vita kwa mara ya pili. Mwalimu aliomba taifa likaze mkanda kwa miezi 18. Hata hiyo ilipokwisha hali haikutulia. Mafuta yalikuwa yamepanda duniani, bei ya kahawa ilikuwa imeshuka kutoka ile iliyoezeka nyumba ya babu, na dukani hapakuwa na sabuni, sukari wala chumvi. Mkulima wa Mbinga alipeleka kahawa yake akasubiri malipo, akatafuta dawa ya chulebuni, ugonjwa wa kahawa, akaikosa, akatafuta magunia akayakosa. Mama alitufulia kwa majani na majivu. Baba hakulaumu vita kwa hayo. Alisema nyumba ikiungua, wa kwanza kuchota maji ni aliye karibu na mto, na mkulima yuko karibu na mto siku zote. Mimi naona nchi ilichota mno kutoka kwa watu wale na kuwarudishia kidogo. Katika hilo tulibishana mpaka mwisho, kwa upendo.

Haya yote sikuyapata kwa kumkalisha na kumhoji. Nilijaribu hivyo na daftari mkononi, akajibu “ndiyo” na “hapana”. Alizungumza mikono yake ikiwa na kazi. Miaka yake ya mwisho, miguu ilipokataa mteremko, alikaa kwenye mkeka barazani na ungo wa maharage, akitenga ya mbegu na ya kula. Ukikaa naye kwenye ungo ule, ukachambua bila kuuliza, baada ya muda alianza mwenyewe: pale Mutukula palikuwa na mwembe, yule kijana wa Lituhi alikuwa na sauti nzuri. Usipomkatiza, mwembe ule ulikupeleka mpaka kwenye handaki na aliyekuwamo. Wenye wazee wa aina hii nyumbani wajaribu njia hiyo. Washike kazi ya mzee kwanza.

Handaki ndilo jambo pekee la jeshini alilojisifia. Walipoambiwa wachimbe, vijana wa mjini walifukua na kutupa udongo ovyo, mvua ikawajazia shimo. Wamatengo walikata majani kwanza, wakayafukia ukingoni chini ya udongo, ukingo ukasimama. Ofisa mmoja alipita akauliza ni nani aliyewafundisha. Hawakuwa na la kumjibu, maana walifundishwa na mama zao.

Julai 25, Siku ya Mashujaa, alivaa koti lake jeusi akakaa karibu na redio tangu asubuhi. Wenzake kadhaa wamelala Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita vile. Hakupata kwenda kuwaona. Nilikwenda mimi baada ya yeye kufariki, nikapita safu baada ya safu. Migomba imelizunguka eneo lile, na safari hii ilikuwa imepaliwa vizuri, mikungu imeegemezwa kwa miti. Ningetamani aione.

Mwaka huu nimempata mzee mmoja waliyepanda naye lori moja kutoka Mbinga. Ana nguvu, bado anapogolea kahawa yake mwenyewe. Nilipomtajia Lukaya na matete alinitazama akauliza, “Alikwambia kwamba tulikimbia?” Nikasema ndiyo. “Alikwambia aliyetukusanya?” Nikasema hapana. Akanieleza kwamba saa za usiku wa manane, kila mtu akiwa kimya kwenye maji kwa hofu ya kupigwa na wenzake, baba alianza kuita kwa Kimatengo. Aliita majina ya vijito, yale ya ntambo za kwao, moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini, na aliyetoka kwenye kijito hicho akaitikia. Walibya wasingeweza kuitikia. Kulipokucha walikuwa watu kumi na mmoja barabarani, pamoja.

Nilimwuliza kwa nini baba hakulisema hilo. Mzee akaendelea kukata matawi. Akasema katika wale kumi na mmoja wamebaki watatu, yeye akiwa mmoja wao: mwingine yuko Litembo, mwingine alihamia Tunduru kwa mwanawe. Nitaanza na wa Litembo, kabla kahawa haijaanza kuchumwa, kwa sababu ikianza hatakuwa na nafasi. Nimekwisha mpelekea salamu kwamba nitakuja na mkasi wangu wa kupogolea.